Chakula Kitoke Ukutani

Fundi alimleta mondo wake mwenyewe, kamfunika shuka kama mtoto mchanga, akakaa kwenye benchi la mapokezi kusubiri zamu. Hakukuwa na zamu. Kituo chetu kinapokea wanyama wanaokula nyama: walioumia barabarani, walionyang'anywa wauzaji, na wale walionunuliwa na watu waliodhani wamepata paka wa kupigia picha. Wengi huletwa na askari ndani ya kizimba, wanyama wakiwa na hasira na askari wakiwa na mikwaruzo. Sikuwahi kuona mtu akiingia na mnyama kifuani, kamkumbatia kwa mikono miwili, anamwambia, "Samahani, samahani, tumeshafika."

Mondo, kwa asiyemjua, ni paka wa porini mwenye madoa, miguu mirefu, na masikio makubwa kupita kiasi cha kichwa chake. Huyu madoa alikuwa nayo, na masikio pia. Shida ilikuwa miguu. Ilikuwa imepinda kwa nje kama ya kiti kilichokaliwa sana na mtu mzito, na tulipomweka mezani hakusimama. Alilala ubavu, akatoa sauti ndogo ambayo haikulingana na meno yake.

"Anaitwa Pindo," mzee akasema. "Mimi ni fundi cherehani. Ameanguka kutoka kwenye kochi. Kochi tu, mama, kimo cha goti."

Daktari akampiga eksirei. Mifupa kwenye picha ilikuwa hafifu, kama imechorwa kwa penseli inayokaribia kwisha. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umevunjika. Wa pili ulionyesha alama ya kuvunjika zamani na kujiunga wenyewe bila mtu kujua.

"Anakula nini?" nikauliza.

Uso wa mzee ukang'aa. Hilo swali alikuwa amelisubiri. "Steki. Nyama tupu, ya siku hiyohiyo. Mifupa naitoa yote, hata kale kagegedu kadogo. Naikata kwa mkasi, vipande hivi, namwekea kinywani. Mimi naweza kulala njaa, yeye hajawahi."

Sijui kuzungusha maneno. Mwanangu anasema nilizaliwa bila breki. Nikamwambia palepale, "Mzee, hiyo nyama tupu ndiyo iliyomvunja."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

Nikamweleza. Mnyama huyu porini hakutani na steki. Anakutana na panya, na panya anamla wote: kichwa, mifupa, ini, ngozi na manyoya yake. Mifupa ya panya ndiyo inayojenga mifupa ya mondo. Ukimpa nyama bila mfupa, mwili wake unatafuta chokaa, madini yanayokaza mifupa, na kuikosa, halafu unaichukua kwenye mifupa yake wenyewe, kidogo kidogo, hadi siku anapoanguka kutoka kwenye kochi.

Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mke wangu alikuwa hamezi. Koo lilikuwa na ugonjwa. Nilimkatia kila kitu hivyohivyo, mpaka mwisho. Nikajua ndivyo mgonjwa, mtoto, kiumbe chochote kinavyolishwa."

Mondo huyo Fundi alipewa na mteja, mtu wa machimbo ya mawe aliyemwokota kwenye majani akiwa saizi ya ngumi. Mteja alikwenda na suruali yake, hakurudi tena. Wakati huo mke wa Fundi alikuwa amezikwa majuzi tu. Hayo aliyasema bila kuulizwa, na sikuuliza zaidi.

Daktari wetu ni kijana, mzuri kwa wanyama, mwoga kwa watu. Alieleza kwamba mguu utafungwa, Pindo atakaa kwenye banda dogo asiruke, na akianza kula panya wazima, na kuwala mwenyewe bila mkono wa mtu, mifupa itakomaa na kuna hifadhi kubwa yenye uzio itakayompokea. "Asipoanza," akasema, "nikirudi mwisho wa mwezi itabidi tuamue."

"Tuamue nini?" Fundi akauliza.

Daktari akanigeukia mimi. Hizo ndizo kazi ninazoachiwa.

"Sindano ya kulala asiamke," nikasema. "Hatutamwacha avunjike mfupa baada ya mfupa."

Fundi akamrudishia shuka lake mabegani, akalibana pembeni ili lisiteleze.

*

Kituoni wananiita Mama Panya. Nina stashahada ya utunzaji wa wanyama iliyotundikwa ukutani kwa meneja, lakini jina linatokana na jikoni. Jiko letu halina jiko. Lina friza mbili, sinki la chuma, meza ya mabati, ndoo, koleo ndefu, na birika la umeme. Panya wanakuja wamekufa tayari na wamegandishwa, wamepangwa kwa ukubwa, kuanzia vichanga wasio na manyoya hadi mijipanya ya kumshibisha chatu. Nawatoa jioni ili barafu iwatoke taratibu kwenye friji, na asubuhi nawatia kwenye mifuko ya nailoni na kuwazamisha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka wapate joto la mwili. Baridi haiwavutii bundi, na chatu hawezi hata kumwona panya asiye na joto.

"Mama Panya, leo wageni wangapi wako sufuriani?" mlinzi wetu wa lango huniuliza kila asubuhi. Ni mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye sare iliyokuwa imemzidi pande zote. Mimi humwita Kamanda.

"Wa kutosha. Nikutengee mmoja?"

"Nitengee mkia, nifanyie mswaki."

Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya asubuhi, na siku nyingi ndiyo ya siku nzima. Kwenye mabanda hatuongei. Tuna kanuni moja tunayoishika kuliko zote: chakula kitoke ukutani, kisitoke kwa mtu. Kila banda lina kidirisha cha chuma. Unakifungua, unasukuma sinia, unafunga, unaondoka. Mnyama asione uso, asisikie sauti, asijifunze kwamba mtu ni chakula kinachotembea. Mondo anayelishwa kwa mkono humfuata kila mwenye mkono. Siku moja mkono huo utakuwa wa mtoto asiye na kitu, na mnyama hataelewa kwa nini.

Pindo hakuijua kanuni hiyo. Panya wa kwanza niliyemsukumia alimkalia. Wa pili alimfukia kwa nyasi. Nikimkaribia alinguruma na kulaza masikio. Alikaa hivyo mpaka mbavu zikaanza kuhesabika, na daktari akanipigia kusema kwamba kwa mwendo huu hatangoja mwisho wa mwezi.

Nikampigia Fundi. Alipokea simu kabla haijaita vizuri.

Alipofika nilimkalisha jikoni na kumpa masharti. "Utamfundisha kula panya. Ukimaliza hapo, utamfundisha kula bila wewe. Siku atakapokula bila wewe, hutamwona tena. Hiyo sheria si mimi niliyeitunga, lakini nakubaliana nayo."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Mama," akasema, "nikikataa, ndiyo nitamwona zaidi?"

Tukaanza. Alikuwa mwanafunzi mzuri, nakiri. Mikono yake haikutetemeka. Siku za kwanza tulitumia vichanga vya panya vilivyofungwa ndani ya kipande chembamba cha steki, na yeye alivifunga kwa ustadi hadi huoni mshono. Pindo alivila akidhani ni nyama yake ya kila siku. Kisha nyama ikapungua, panya akakua. Kisha tukampasua panya tumbo kidogo ili harufu ya ndani itoke, tukaondoa nyama kabisa. Siku ya kwanza ya panya mzima mwenye manyoya, Pindo alimshika kutoka mkononi mwa Fundi, akamgeuza, akaanzia kichwani kama ipasavyo. Ukasikika mlio wa mfupa.

Fundi aliruka. "Atakwama!"

"Hakwami."

"Mfupa huo, mama!"

"Ndiyo dawa yenyewe. Kaa chini."

Alikaa, kajishika koo lake mwenyewe mpaka mkia wa panya ulipomalizika kuingia. Kisha akacheka, kicheko kirefu, na Pindo akaja akisota na mguu wake uliofungwa, akaweka kichwa pajani mwake. Nikatazama pembeni. Kanuni zote zilikuwa zinavunjwa pale kwa ruhusa yangu.

*

Hatua ya pili ndiyo iliyotushinda. Nilimwondoa Fundi bandani, nikamwambia akae nyumbani wiki nzima, nikaanza kutumia kidirisha. Panya aliingia asubuhi, panya alitoka jioni, mzima, amekauka macho. Pindo alikuwa analala akiangalia upande wa nyuma, kwenye wavu unaotazama uzio. Hata masikio hakunigeuzia.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Nilibadilisha saa. Nilibadilisha sinia. Nilimpa kware badala ya panya. Hakuna.

Jumapili hiyo mwanangu alipiga simu. Yuko mbali, kwa kazi yake, mahali ambapo wao wanaamka sisi tunapika cha jioni.

"Mama, bado unapika panya?"

"Siwapiki. Nawapasha moto."

"Kwani kuna tofauti?"

"Waulize bundi."

Akacheka. Kisha akasema, "Mama, ule mzigo umefika. Asante. Ila usitume tena, jamani. Huku kuna maduka."

"Najua kuna maduka."

"Unajichosha kwenda posta bure. Nakula vizuri, kweli."

Nyuma yake watu walikuwa wanacheka na mmoja akamwita jina la utani ambalo silijui. Akasema atanipigia baadaye. Baadaye yake ni Jumapili nyingine. Nilikula nimesimama karibu na sinki, kama kawaida, maana kukaa mezani peke yangu kunanifanya nianze kufuta meza iliyo safi.

Asubuhi yake nilikwenda kusafisha banda la Pindo, na hapo ndipo nilipoacha kushangaa na kuanza kukasirika.

Mtu wa kazi yetu anasoma kinyesi kama wengine wanavyosoma gazeti. Mnyama anayekula panya wazima anatoa kinyesi kigumu, chenye manyoya yaliyosokotana na vipande vya mfupa. Mnyama asiyekula hatoi kitu. Kilichokuwa kwenye koleo langu kilikuwa kibichi, cheusi, laini, hakina unywele mmoja. Hicho ni kinyesi cha steki.

Nilitembea hadi langoni. Mlinzi alikuwa amesimama wima kuliko kawaida yake, na nikagundua kwa nini. Sare yake ilikuwa imemkaa. Mabega mahali pa mabega, kiuno mahali pa kiuno, mikono ikiishia kwenye viganja.

"Umependeza, Kamanda."

"Eh, asante, Mama Panya."

"Nani kakupunguzia?"

Akaanza kuangalia barabara, mahali ambapo hakukuwa na chochote cha kuangalia.

"Anapitia wapi?" nikauliza.

"Dada, usiniharibie. Ni mzee. Anasimama tu huko nyuma ya uzio. Anasema anamsalimia."

"Anamsalimia kwa nini? Kwa mdomo au kwa bakuli?"

Nikamwambia amtafutie mzee mahali pengine pa kusimama leo mchana, kwa sababu nyuma ya uzio nitasimama mimi.

Alikuja jua likiwa bado kali. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Alitembea pembezoni mwa uzio, taratibu, na kibati cha chakula mkononi. Alipofika kona akapiga mluzi, sauti mbili, ya juu na ya chini. Kutoka bandani Pindo akajibu. Sikuwahi kumsikia akitoa sauti ile kwetu.

"Fundi," nikasema.

Hakukimbia. Alikishusha kibati kwenye majani kama mtu anayekabidhi silaha.

"Ni kidogo tu, mama."

"Hicho kidogo kinamshibisha. Akishiba hali panya. Asipokula panya, daktari anakuja na sindano. Unaelewa hesabu hiyo, au nikuchoree?"

"Naelewa."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Ananiita."

"Umepiga mluzi kwanza. Nimekusikia."

Pindo alikuwa amejibandika kwenye wavu, uso umebonyea, anatuangalia.

"Ndiyo," Fundi akasema. "Huwa naanza mimi." Akafuta kipaji kwa kiganja. "Nyumbani pamekuwa kimya, mama, mpaka naikanyaga cherehani bila kitambaa. Inazunguka tu. Nasikia kitu kinazunguka, naweza kukaa. Halafu nasema, wacha niende nikamwone mara moja. Nikija mikono mitupu naona aibu. Mtu hawezi kwenda kumwona wa kwake mikono mitupu."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, makali, na nilikuwa na haki nayo. Mengine nilishayasema. Angekuwa mtu mbaya ningemfukuza na kutoa ripoti kwa meneja, na mlinzi angeondoka naye. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ileile, na mnyama alikuwa amekonda, na sikuwa na muda wa kumwadhibu mtu.

"Chukua kibati chako," nikasema. "Njoo jikoni."

*

Kitu cha kwanza tunachomfundisha mtu jikoni kwetu ni kunawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, kabla na baada. Nilimwona akielekea sinki, nikamzuia.

"Kabla, leo usinawe."

"Bila sabuni?"

"Bila chochote. Nataka harufu yako."

Nilimtoa panya kwenye maji, nikamkausha kwa taulo, nikamweka viganjani mwake. Panya wa kati, mweupe, ana joto. Nikamwambia amshike na amsugue mgongo na tumbo, taratibu, mpaka nitakaposema basi.

Alifanya kwa bidii mno.

"Usimkande kama unga, mzee. Mshike tu."

"Nikimshika tu atajua ni mimi?"

"Wewe ulipoingia chumba alichokaa mkeo, ulihitaji kuambiwa?"

Akatulia. Akamshika tu. Nje ndege wala mabaki walikuwa wanagombana juu ya bati, na friza ilikuwa inanguruma. Sikusema basi mapema.

Kisha nikampokonya kwa koleo, nikatoka, nikafungua kidirisha, nikasukuma sinia, nikafunga. Niliporudi alikuwa amesimama kwenye ukuta unaotenganisha jiko na banda, sikio likikaribia kugusa rangi. Nikaweka kidole mdomoni. Hakuna mluzi. Hakuna kukohoa. Tulisimama hivyo, mtu na mwenzake asiyemjua, tukisikiliza ukuta. Muda ukaenda. Nilianza kufikiria nitakavyomwambia daktari, na nani atamshika Pindo, na kwamba huyo nani atakuwa mimi.

Sinia likakwaruza sakafu.

Kimya tena. Kisha mlio wa mfupa, mmoja, na mwingine.

Fundi akashika ukingo wa meza. Akanitazama, midomo ikasema bila sauti, "Mifupa." Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa bado na uchafu wa panya, na nilikuwa nimekwisha kumwonyesha sinki kwa kidole.

Asubuhi yake kinyesi kilikuwa na manyoya. Sijawahi kufurahia mavi kiasi kile. Nilimwita mlinzi aje aone, akasema Mama Panya sasa umechanganyikiwa, lakini alikuja, na akakiangalia kwa heshima.

Daktari alifika mwisho wa mwezi. Nilimsimamisha nyuma ya ukuta, nikasukuma sinia, naye akasikia mwenyewe. Sindano ilibaki kwenye begi. Akaniuliza nilifanyaje, nikamwambia kuna mtu anatusaidia jikoni. Eksirei haikuonyesha muujiza, miguu ilibaki imepinda na itabaki hivyo, lakini mifupa ilikuwa na weupe ambao haukuwapo, na palipovunjika pamefunga.

Tuliendelea. Siku za chakula Fundi alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na friza, akawashika panya, akanawa, akaondoka. Bandani hakuingia wala hakuomba. Polepole nikaanza kumpunguzia. Leo ashike kwa muda mfupi. Leo avae glavu. Na siku moja kabla hajafika nilimsukumia Pindo panya ambaye hakuguswa na mtu yeyote isipokuwa koleo.

Alipoingia nilimwambia kabla hajakaa.

"Nimempa ambaye hukumshika."

"Kasusa?"

"Kala."

"Alisita?"

Ningeweza kusema alisita. Hakuna ambaye angejua. "Hapana," nikasema. "Hata hakunusa mara mbili."

Fundi aliangalia mikono yake, upande mmoja na wa pili. "Basi hii haina kazi hapa."

"Hapa, haina."

Akauliza ya hifadhi. Nikamweleza: eneo lina nyasi ndefu na maji, mondo wengine wapo, chakula kinatoka ukutani kama hapa. Akauliza atasafiri lini. Meneja alikataza tusimwambie, na kwa sababu ya maana. Pindo ndani ya sanduku la safari akisikia mluzi ule angejipigapiga kwenye mbao, na mguu bado ni mchanga. Ungevunjika upya, na mara hii daktari asingesubiri mwisho wa mwezi.

Nilimwambia siku. Nikamwambia na sababu. Kisha nikamwambia, "Usije."

*

Alikuja.

Tulikuwa tumeshalibeba sanduku mimi, mlinzi na dereva, tunalipandisha kwenye gari, nikamwona ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa duka la matairi. Amevaa shati la kwendea mahali. Nilikuwa na kona ya sanduku mikononi, siwezi kuiachia, siwezi kupaza sauti. Nikamtolea macho, yale niliyokuwa namtolea mwanangu akiwa mdogo mbele ya wageni. Mlinzi akamwona pia, akanong'ona, "Safari hii mimi simo, dada, wallahi."

Kupitia mbao niliona masikio ya Pindo. Yalikuwa yanageuka kila upande, kwenye honi, kwenye watu, kwenye mlango wa gari.

Fundi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Nikatazama karatasi za nailoni zilizonasa kwenye uzio wetu. Zote zilikuwa zimelalia upande wake. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Alikuwa amekwisha kulifikiria hilo kabla yangu, akachagua ukuta ambao harufu yake isingevuka barabara.

Gari likawashwa. Likatoka langoni, likapunguza mwendo kwenye tuta, mbele yake kabisa, karibu kiasi kwamba angeweza kunyoosha mkono na kugusa mbao. Masikio yakamfikia, yakampita, yakageukia pikipiki iliyokuwa inakuja nyuma. Gari likavuka tuta, likakata kona.

Nilivuka barabara. Alikuwa bado kashikilia mdomo, na kifua kimejaa.

"Unaweza kupumua sasa, Fundi."

Akashusha mkono. Vidole vilikuwa vimeacha alama mashavuni.

"Amenona," akasema.

"Amenona."

"Masikio yalinipitia. Uliona?"

"Niliona."

"Hayakusimama kwangu."

"Hayakusimama."

Alikubali kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehakikisha vipimo vya nguo ya mwenzake. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: panya wa bundi wako kwenye maji, wanapoa.

"Nenda, mama," akasema. "Wasipoe."

Nikavuka. Nilipofika langoni nikageuka. Alikuwa bado pale kwenye ukuta wa matairi, anaangalia kona ambayo gari lilikatia, na mwenye duka alikuwa ametoka kumuuliza anahitaji saizi gani.